Nyumba ya Bitana

Picha ilikuwa nzuri, na mimi ndiye niliyeiona. Naanza na hilo kwa sababu baadaye kila mtu alisema yake. Kati ya nyumba mia na kitu zilizokuwa kwenye simu, mimi ndiye niliyesimama kwenye namba thelathini na saba: paa la kijivu, baraza la nguzo mbili, gari jekundu limeegeshwa kwenye majani mabichi. Gari hatukuwa nalo. Lakini ile nyumba ilinitazama kama inanijua, nami nikaitazama kama naidai.

Nyumba yenyewe hatukuitaka kwa fahari. Jengo ambalo mama alipanga chumba cha kushonea lilikuwa linavunjwa, na mwenye jengo alishaleta barua: miezi minne, kila mpangaji awe ametoka. Mama ni fundi cherehani tangu sijazaliwa. Vitu vyake vyote vingeweza kuhamia popote, isipokuwa meza ya kukatia. Ilikuwa na urefu wa mita mbili na sentimita sabini, upana wa mita moja na thelathini, na mama alikuwa akikata nguo kwa kuizunguka, mkasi mkononi, bila kuinua kitambaa. Tulishaangalia vyumba vitatu vya kupanga. Viwili meza haikupita mlangoni. Cha tatu ilipita, lakini ikishakaa ndani mama hakupata pa kupita.

Ndipo tukasema tujenge kwenye kiwanja alichoacha baba, chumba cha mbele kiwe cha kazi. Ramani ingekosea, tungekuwa na nyumba ya kulala na mama asiye na kazi.

Mjomba, mdogo wake mama, ni mwashi. Watu humwita Kamba kwa sababu hatoki nje bila kamba ya kupimia mfukoni, hata akienda msibani. Alishaahidiana na vibarua: Jumatatu wanaanza kuchimba msingi. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na kilichobaki ni kununua ramani tu. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Duka la ramani lilikuwa chumba kimoja chenye mashine kubwa ya kuchapia, na nyuma yetu foleni ya watu waliotaka kutoa nakala za vyeti. Mchoraji alikuwa dada wa rika langu, penseli imechomekwa kwenye nywele.

"Thelathini na saba," nikamwambia.

"Chaguo zuri, kaka. Hiyo nimeshauza mara kumi na moja."

"Karatasi za ndani nizione," mama akasema.

"Mama, kifurushi chote unapewa ukishalipa. Kwa sasa kuna hii moja ya sampuli."

Mama akavaa miwani. Akailaza karatasi kwenye kaunta, akaipapasa kwa kiganja kama anayetafuta uzi wa kitambaa umelala upande gani. Nilijua tumekwisha. Mama akipapasa kitu namna ile, hatoki hapo mpaka kimemjibu.

"Hiki kiduara kilichokatika nusu ni nini?"

"Mlango, mama. Unaonyesha unafungukia wapi."

"Kumbe! Na mshale huu?"

"Kaskazini."

"Kaskazini ya wapi?"

Mchoraji akacheka kidogo. "Ya kwenye karatasi. Itategemea mtakavyoiweka kiwanjani."

"Kwa hiyo jua likinipiga usoni saa tisa alasiri nikitunga uzi, nimlaumu nani? Mimi au karatasi?"

"Mama," nikanong'ona, "watu wanasubiri."

"Wasubiri, baba. Wao wanatoa nakala, mimi najenga." Akamgeukia tena mchoraji. "Hebu niambie, binti yangu. Hii ilichorwa kwa ajili ya nani?"

"Si ya mtu mmoja, mama. Ni ya yeyote."

"Sijawahi kumpima mtu anayeitwa Yeyote. Kiuno chake kikoje?"

Foleni nzima ikacheka. Mchoraji naye akaacha kutabasamu. Akaweka kidole kwenye chumba cha mbele. "Vipimo vyote vimeandikwa. Hiki ni mita tatu na sitini kwa mita tatu kamili. Ukuta hapa, ukuta pale. Hakuna siri."

Mama akavua futi ya shingoni, akaipitisha vidoleni mara mbili na zaidi mpaka akafikisha tatu na sitini, akafumba macho. Najua alichokuwa anafanya. Alikuwa anaizunguka meza.

"Niazime karatasi hii mpaka Jumamosi," akasema.

Njiani sikunyamaza. Nilimwambia amenidhalilisha, kwamba siku hizi ramani inanunuliwa kama shati, unachagua, unalipa, unaondoka.

"Ulipokuwa darasa la tatu," akasema bila kunitazama, "nilizidiwa na kazi za watu nikakununulia sare ya dukani. Unakumbuka?"

"Nakumbuka walivyonicheka."

"Lilikuwa shati zuri. Mikono ilikuwa ya mtoto mwingine tu."

Mama ana utaratibu wake. Mtindo ukiwa mgeni kwake, hakati kitambaa cha mteja mpaka akate kwanza kitu kisicho na thamani, shuka kuukuu au mabaki, akishikize, amvalishe mteja, aone panapobana. Jioni ile alishusha magunia matatu ya mabaki ya bitana, kitambaa cha kutia ndani ya nguo, kutoka juu ya kabati, akampigia mjomba simu.

"Kamba, ukuta wako una unene gani?"

"Wa tofali au na plasta?"

"Wa kuishi nao."

"Sentimita ishirini na tano, dada. Kwani unataka kuuvalisha?"

Alikuwa anataka hasa hivyo. Alhamisi na Ijumaa tulikata vipande virefu vya bitana, upana wa sentimita ishirini na tano, tukaviunga, kila chumba na rangi yake. Chumba cha kazi kikawa cha bluu, ukumbi mweupe, chumba cha kulala zambarau, choo na bafu kijani. Kwenye milango akaacha pengo, na kila pengo akalifungia kipande cha utepe chenye urefu wa mlango ili auone unavyozunguka. Mimi nilisema huu ni wazimu, nami nilisema hivyo nikiwa nimeshika upande wa pili wa kitambaa. Ukweli ni kwamba mikono yangu ilitaka kujua. Nilikuwa nimeitazama ile picha wiki mbili, na sikuwahi kujiuliza mtu akitoka chumbani kwenda bafuni anapiga hatua ngapi.

Jumamosi asubuhi mimi na mjomba tuliipakia meza kwenye mkokoteni, tukaisukuma mpaka kiwanjani huku watu wakituuliza kama tunahama. Kiwanja chetu kinatelemka kidogo. Upande wa juu kuna barabara, upande wa chini kuna ua wa miti wa jirani. Mjomba akakanyaga mita moja na nusu kutoka barabarani, akachomeka vigingi vyake, akanyoosha kamba. "Ianze hapa," akasema.

Mama akatandaza nyumba. Chumba kimoja kimoja, kwa mpangilio wa karatasi: kijani, bluu, nyeupe, zambarau, na mawe juu ya bitana ili upepo usichukue kuta. Tukaiingiza meza kwenye chumba cha bluu. Mama akachukua mkasi, akatoa kiwiko kama anayekata, akaanza kuizunguka. Upande mmoja. Kichwani. Upande wa pili. Miguuni. Hakugusa bitana hata mara moja.

"Inaingia!" akasema, na kiuno kikamchezea kidogo.

"Niliwaambia," nikasema. "Niliwaambia tangu Jumatano."

"Dada," mjomba akaita kutoka chini, "samahani kukukatiza. Chumba chako cha kulala kimehamia kwa jirani."

Tukakimbia. Zambarau ilikuwa imepita chini ya ua karibu mita nzima. Upande wa pili, muuguzi mstaafu aliye jirani yetu alikuwa amesimama na kopo la kumwagilia.

"Jirani, hiki ni nini kwenye miche yangu?"

"Chumba changu cha kulala," mama akasema.

"Basi karibu. Ila ukiamka usinikanyagie vitunguu."

Mama hakucheka. Alirudi mpaka mwanzo, akapima upya kila kipande, na kila kipande kilikuwa sahihi. Kwake jibu lilikuwa moja. "Karatasi inadanganya," akasema. "Wamepunja upana, kama wale wauza jora wanaovuta kitambaa wakati wa kupima. Mpigie yule binti."

Nilipiga, na nilipiga kwa hasira, lakini sikujua hasira yenyewe ni ya nani. Kama karatasi ilidanganya, aliyedanganywa wa kwanza ni mimi. Mchoraji aliposikia akasema, "Ramani zangu hazina kosa la kipimo," kisha, "Umesema mmeitandaza na nini?" Nusu saa baadaye akashuka kwenye pikipiki, penseli bado kichwani. Alisimama akiitazama nyumba ya bitana, imelala chini na rangi zake nne na meza katikati.

"Nani ameshona hii?"

"Nimekata tu," mama akasema. "Kushona bado, na sishoni mpaka uniambie mita yangu moja imekwenda wapi."

Mchoraji akachuchumaa. Akafuata mpaka wa kijani na bluu kwa kidole, akafuata wa bluu na nyeupe. Kisha akaanza kucheka, akaziba mdomo.

"Mama, mbona kila chumba kina ukuta wake?"

"Kila kipande kina nafasi yake ya mshono. Ungekata vipi? Unaacha nje ya kipimo, pande zote."

Mjomba akajipiga paja. "Kumbe! Nilikuwa naangalia nasema hapa kuna kitu! Vyumba vimenuniana, hakuna anayetaka kushiriki ukuta na mwenzake!"

"Na wewe Kamba umesimama hapo tangu asubuhi unatazama tu?"

"Nilikuwa natazama rangi, dada."

Mchoraji akachukua ncha ya bitana ya bluu, akailaza juu ya ile ya kijani, ikawa ukuta mmoja. "Vyumba viwili, ukuta mmoja. Na kipimo cha kwenye karatasi kinaanzia katikati ya ukuta huu mpaka katikati ya ule. Tatu na sitini ni hivyo. Ukuta unakula humo humo."

Nilimwona mama anaukunja na kuukunjua mkono wake hewani.

"Kwa hiyo mshono uko ndani ya kipimo."

"Uko ndani."

"Na mbona hukuniambia dukani? Ulisema tatu na sitini, ukuta hapa, ukuta pale."

"Hukuuliza, mama."

"Mimi? Mimi sikuuliza?"

"Uliuliza mengine yote," mchoraji akasema. Kisha akasema polepole zaidi, "Hilo halijawahi kuulizwa na mtu yeyote. Kumi na moja walilipa wakaondoka."

Tukaanza kuzipatanisha kuta, nusu ya unene wa kila ukuta ikiingia ndani ya kipimo cha chumba. Bluu juu ya kijani, nyeupe juu ya bluu, na kila tulipounganisha, nyumba ilijivuta kuelekea barabarani. Zambarau ikatoka chini ya ua. Jirani akaisindikiza kwa macho mpaka ikavuka. Mwisho ilikaa ndani ya kiwanja, ikabaki na njia ya mtu kupita pembeni. Nikavuta pumzi. Nyumba yangu ilikuwa ya kweli. Nikataka kusema kwa mara ya tatu kwamba niliwaambia.

Mama akachukua mkasi akaanza kuizunguka meza.

Upande wa kwanza akapita. Alipofika kichwani, akasimama. Akageuka ubavu, akabana tumbo, akasogeza mguu mmoja, na kisigino kikakanyaga bitana. Akarudi. Akajaribu miguuni. Bitana tena. Sentimita ishirini na tano zilikuwa zimetoka kwenye urefu wa chumba, na zote zilikuwa zake. Aliuweka mkasi juu ya meza na kusimama pembeni, nami nikamwona kama nilivyomwona kwenye vile vyumba vya kupanga, amesimama mlangoni, akimshukuru mwenye nyumba kwa muda wake.

"Meza inaweza kukatwa," mjomba akasema taratibu. "Kipande kidogo tu. Nina msumeno."

"Gauni la harusi lina mkia wa mita mbili na nusu, Kamba. Nikate meza, halafu nimkate na bibi harusi?"

"Basi tusogeze ukuta!" nikasema. "Kwani nini? Ukumbi una mita moja na ishirini, tuuibie nusu mita. Tunanunua ramani, Jumatatu mjomba anachimba, kwenye ukuta huu anasogea. Karatasi haijengi, wanaojenga ni watu!"

"Ukuta huu umebeba nini?" mama akamuuliza mchoraji, kana kwamba mimi sikuwa nimesema.

Mchoraji akaugusa ukuta ule kwa ncha ya kiatu. "Paa lote la mbele linaegemea ukuta mmoja wa katikati," akasema. "Nadhani ni huu. Sina hakika. Michoro ya nondo na msingi haimo kwenye kifurushi, inanunuliwa kwa mhandisi, na wengi hawaendi. Muhuri wa idhini uliopo kwenye ramani unahusu nyumba ilivyo. Ukisogeza ukuta, muhuri hauwahusu tena."

"Wewe hujui ukuta gani umebeba paa?" nikamkaripia. "Na unauza?"

"Nauza karatasi, kaka!" Akanikazia macho. "Na wewe ulikuja kununua picha. Uliuliza nini siku ile? Niambie swali moja ulilouliza."

Nilikuwa nimetaja namba tu.

Mjomba, aliyekuwa ameenda mpaka kona ya kijani, akachuchumaa akitazama mtelemko. "Halafu kuna hili," akasema. "Choo kiko juu, barabarani. Shimo la maji machafu lazima liwe kule chini. Bomba lipite chini ya chumba cha kazi, chini ya ukumbi, chini ya kitanda cha dada. Likiziba, nafukua wapi?"

"Ilichorwa kwa kiwanja tambarare," mchoraji akasema, na safari hii alikuwa anajiambia mwenyewe. Akavua viatu. Akaingia kwenye nyumba ya bitana kupitia pengo la mlango wa mbele, lile lililoelekea upande usio na barabara wala njia. Akafungua mlango wa utepe wa chumba cha kazi. Utepe ukazunguka, ukagota kwenye mguu wa meza katikati ya safari. Akaufunga, akaufungua tena. Akatoka, akapita ukumbini, akasimama chumbani kwa mama, akatazama jua liko wapi. Mara kumi na moja aliiuza nyumba hii, na nilivyomwona anavyokanyaga, kwa uangalifu, mikono imeachana na mwili, niliona ndiyo kwanza anaingia ndani yake.

"Mama," akasema, "sikuuzii hii."

"Vibarua wanakuja Jumatatu," mjomba akasema.

"Waambie wasije," mama akajibu.

"Dada, nikiwaachia wanachukua kazi nyingine. Nikiwapata tena ni wiki tatu, nne. Na jengo lako linavunjwa."

Mama akaitazama meza. Nilijua anahesabu miezi, nami nilikuwa naihesabu pamoja naye, na hesabu haikuwa inatubeba vizuri. Ningependa kusema kwamba nilimsaidia. Nilichofanya ni kuacha kubishana, na kwangu mimi hiyo si kazi ndogo.

"Wiki nne nitashonea sebuleni kwa mtu, nipige magoti sakafuni," akasema. "Magoti yanapona. Waambie wasije, Kamba."

Mjomba akatoa simu akaenda kuongelea pembeni. Mchoraji akachomoa penseli nyweleni, akaigeuza ile karatasi ya sampuli upande wa nyuma, uliokuwa mweupe, akaiweka juu ya meza. Akamwomba mama azunguke tena, kiwiko nje, mkasi wazi, mimi nikashika ncha ya futi. Tulipima anapokata, anapoinama, anaporudi nyuma kuangalia kama mstari umenyooka.

"Usinibane," mama akasema. "Niachie nafasi ya kupumua."

"Nimekuachia sentimita tisini kila upande."

"Na nikinenepa?"

"Mita moja, basi." Akaandika. Halafu akainua kichwa. "Wateja wako wanaingilia wapi?"

"Mlangoni."

"Mlango hatuna bado. Wanatokea wapi?"

Nadhani swali lilimpendeza mama, maana aliondoka papo hapo, akapanda mpaka barabarani, akaokota gunia tupu la bitana akaliweka kwapani kama kitambaa cha kwenda kushonesha. Kule juu akageuka. Akashusha mabega, akakunja uso kidogo, akawa mteja wa kweli, yule mwenye haraka ambaye nguo yake ilitakiwa jana.

"Hodi fundi!" akaita.

"Karibu!" nikaitikia, nikiwa nyuma ya meza.

Akaja moja kwa moja, bila kutafuta njia, miguu ikimleta yenyewe. Akavuka bitana ya kijani, akakatiza katikati ya choo, akavuka bitana ya pili na kusimama mbele yangu, ng'ambo ya meza.

Jirani alikuwa ameegemea ua kwa viwiko vyote viwili. "Mteja amepita chooni!" akapaza sauti.

Mchoraji alikuwa ameshaanza kuchora. Nami nikainama, nikaondoa mawe kwenye ile bitana ya kijani jiwe moja moja, nikaanza kuikunja.